Kampuni na ujuzi wa nje: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wakuu wa uzalishaji, wasimamizi wa bidhaa na wenye kampuni, za watu 20 au za watu 2,000, wanaotaka kutumia akili ya watu wasio waajiriwa wao. Kila jibu linajitegemea. Panapohitajika, namba inakupeleka kwenye swali jingine.

## Misingi

1. "Ujuzi wa nje" ni nini hasa?

Ni kila kitu ambacho kampuni inahitaji kukijua na hakimo vichwani mwa watu inaowalipa mshahara. Utafiti wa chuo, hataza (haki ya kisheria ya uvumbuzi) ya kampuni nyingine, muuza malighafi anayewahudumia pia washindani wako, fundi wa karakana ya jirani, mteja anayetumia bidhaa yako kwa namna ambayo hukuikusudia: vyote vimo.

Mwaka 2003 Mmarekani Henry Chesbrough aliupa mtindo huu jina ambalo kwa Kiswahili tunasema ubunifu wazi. Jina ni la juzi, kazi ni ya kale. Mwaka 1714 Bunge la Uingereza liliahidi hadi pauni 20,000 kwa atakayepata njia ya kujua longitudo baharini. Wakubwa walitazamia jibu kutoka kwa wanafalaki. Jibu likawa saa inayotunza muda sahihi baharini, na ilitengenezwa na John Harrison, seremala aliyejifunza ufundi wa saa mwenyewe, na kulipwa kwake kulichukua miaka mingi ya mvutano. Hata hilo la kucheleweshewa malipo si geni (swali la 14).

2. Kampuni yenye maabara yake inatafuta nini nje?

Inatafuta muda, na watu. Procter & Gamble, kampuni ya Marekani ya bidhaa za nyumbani, ilikuwa na watafiti wapatao 7,500, na wakuu wake wakakadiria kwamba duniani kuna wengine kama milioni 1.5 wenye ujuzi wa fani zilezile ambao hawako kwenye orodha ya mishahara yake. Ilipotaka kuchapa picha na maneno juu ya vipande vya chipsi za Pringles, haikuanza kubuni wino unaolika. Ilisambaza maelezo ya shida yake Ulaya na kukuta kiwanda kidogo cha mikate mjini Bologna, Italia, cha profesa wa chuo aliyekuwa tayari na njia ya kuchapa picha kwenye keki na biskuti. Pringles zenye picha ziliingia sokoni mwaka 2004.

3. Kutafuta ujuzi wa nje kuna tofauti gani na kutoa kandarasi?

Kwenye kandarasi unajua unachotaka na unajua nani anaweza. Hapa unakosa kimoja kati ya hivyo viwili, na mara nyingine vyote. Ukivijua vyote viwili, toa kandarasi. Ni rahisi na inaisha mapema.

4. Kuna mfano wa Afrika Mashariki?

M-Pesa, ambayo kila mwenye simu anaijua. Vodafone ya Uingereza ilileta wazo na watu wa kulisimamia, Nick Hughes na Susie Lonie. Serikali ya Uingereza ilichangia karibu pauni milioni 1 na Vodafone ikaweka kiasi kama hicho. Programu iliandikwa na Sagentia ya Cambridge. Safaricom ilitoa mtandao na mawakala, Commercial Bank of Africa ilishika fedha, na Faulu Kenya ikaleta wakopaji wake wa vikundi.

Majaribio yalianza Oktoba 2005 kwa mawakala 8 na wateja wasiofika 500, katikati ya Nairobi, Mathare na Thika. Kusudio lilikuwa mkopaji wa Faulu apokee mkopo na kulipa marejesho kwa simu. Wakopaji wakafanya yao. Waliwatumia jamaa zao fedha. Wenye biashara walilaza mauzo ya siku kwenye simu badala ya chini ya godoro. Wengine waliweka fedha kwa wakala kabla ya safari na kuzitoa walikofika, ili wasitembee na noti mfukoni. Huku nyuma, Faulu ilihangaika na hesabu, maana mfumo wake haukuunganishwa na ule wa simu.

Huduma iliyozinduliwa Machi 2007 iliweka marejesho ya mikopo kando na kubeba ujumbe mmoja: tuma pesa nyumbani. Ujuzi uliogeuza bidhaa ulitoka kwa wateja hao wachache, na ulionekana kwa sababu kulikuwa na watu waliokaa uwanjani wakiandika walichokiona.

Vodacom ilipoileta Tanzania mwaka 2008, mwanzo ulikuwa wa polepole. Kenya, Safaricom ilikuwa imeshika sehemu kubwa ya soko la simu. Tanzania kulikuwa na washindani kadhaa wenye nguvu, na nchi ni kubwa zaidi. Unapochukua ujuzi mahali, uliza pia ni hali gani za kule zilizoufanya ufae.

## Kuanza

5. Tuanzie wapi?

Anza na shida moja iliyoandikwa, yenye mwenyewe. Mwenyewe ni mtu mmoja ambaye shida ikiisha kazi yake itakuwa nyepesi: mkuu wa laini ya uzalishaji, si idara ya ubunifu. Kisha iandike hivi kwamba mtu asiyekijua kiwanda chako aweze kuifanyia kazi. Tuseme ni kiwanda cha juisi. Maelezo yasiyosaidia ni haya:

"Tunatafuta njia za kisasa za kuboresha ubora na uthabiti wa vinywaji vyetu."

Yanayosaidia ni haya:

"Juisi yetu ya embe (pH 3.7, imechemshwa nyuzi 92 kwa sekunde 30, chupa ya mililita 300) hujitenga baada ya wiki 2 kwenye joto la nyuzi 30: maji juu, nyama ya embe chini. Tunataka isijitenge kwa miezi 6. Tumejaribu kuongeza CMC (kiungo cha kuzidisha uzito wa vinywaji). Kwa asilimia 0.1 haikusaidia, kwa asilimia 0.4 juisi ikawa nzito kama uji. Hatununui mashine mpya mwaka huu. Gharama isizidi shilingi 10 kwa chupa."

Sehemu yenye thamani kuliko zote hapo ni "tumejaribu". Bila hiyo, watu 40 watakuandikia ujaribu CMC. Utashangaa pia ni shida ngapi hutatuliwa siku ya kuiandika, kwa kuwa kupima pH na joto la ghala kumefanyika kwa mara ya kwanza.

6. Tutafute wapi kwanza?

Anzia karibu, kwa utaratibu wa gharama. Wiki ya kwanza piga simu kwa wauzaji wa malighafi na mashine: wameona shida yako kwenye viwanda vingine, na ushauri wao huwa wa bure ukinunua kwao (ndiyo maana utausikia ukielekea kwenye bidhaa zao). Wiki ya pili nenda kwa wateja watatu wanaokusumbua kuliko wote. Eric von Hippel wa MIT ameonyesha kwa miaka mingi kwamba bidhaa nyingi hubuniwa kwanza na watumiaji ambao mahitaji yao yametangulia ya wengine. Mara nyingi huyo mteja msumbufu ameshajitengenezea dawa. Wiki ya tatu soma hataza (swali la 7). Vyuo (swali la 11) na mashindano (swali la 8) vifuate baadaye, kwa sababu vinakula miezi.

7. Hataza zinatusaidiaje wakati hatutaki kusajili chochote?

Ni maktaba ya mafundi, bure, na kampuni nyingi hazijawahi kuifungua. Anayepewa hataza hulazimika kueleza uvumbuzi wake kiasi cha mtu wa fani hiyo kuweza kuutengeneza, na kwa kawaida maombi huchapishwa miezi 18 baada ya kuwasilishwa. Tafuta kwenye Espacenet au Patentscope, hazina za hataza za mtandaoni. Ukitafuta kwa maneno pekee utapotea. Tafuta waraka mmoja unaofanana na shida yako, nakili namba ya kundi iliyoandikwa juu yake, kisha tafuta kwa namba hiyo. Kwa juisi inayojitenga, kundi ni A23L 2/62.

Waraka una sehemu mbili za kusoma kwa macho tofauti. Maelezo na mifano hukufundisha. Madai, yaliyoorodheshwa kwa namba, ndiyo mipaka ya kisheria. Halafu uliza mambo matatu. Je, miaka 20 tangu maombi imepita? Je, ada za kila mwaka zinalipwa? Je, imesajiliwa nchini kwako? Hataza iliyosajiliwa Ujerumani tu haina nguvu Mombasa wala Mwanza, ingawa ukiuza bidhaa hiyo Ujerumani utakamatika. Uhakika wa usajili upate kwenye ofisi za usajili: KIPI kwa Kenya, BRELA kwa Tanzania Bara, BPRA kwa Zanzibar, na usisahau ARIPO, shirika la nchi za Afrika la mali ubunifu lililoko Harare: maombi yaliyopita huko yanaweza kuwa yametaja nchi yako.

8. Mashindano yenye zawadi yanafaa lini?

Yanafaa pale jibu likija linaweza kupimwa, na hujui ni fani gani italileta. Mwaka 2000 kampuni ya dhahabu ya Goldcorp iliweka wazi takwimu za miamba ya mgodi wake wa Red Lake, Kanada, na kutenga zawadi za dola 575,000 kwa watakaoonyesha pa kuchimba. Washindi wa kwanza walikuwa kampuni mbili za Australia zilizoshirikiana kuchora mgodi kwa kompyuta, bila kufika Red Lake.

Kupitia InnoCentive, soko la maswali lililoanzishwa mwaka 2001 kwa msaada wa kampuni ya dawa ya Eli Lilly, taasisi ya Alaska iliuliza namna ya kunyonya mafuta yaliyomwagika baharini ambayo baridi huyafanya mazito hata pampu zishindwe. Zawadi ya dola 20,000 ilichukuliwa na mkemia aliyezijua kazi za zege: ile mashine ya mtetemo inayozuia zege lisigande ingeweza kufanya vivyo hivyo kwa mafuta. Wataalamu wa mafuta walikuwa hawajaliona hilo. Utafiti wa Lars Bo Jeppesen na Karim Lakhani, uliotoka mwaka 2010, ulikuta kwamba kwenye maswali ya namna hiyo kadiri fani ya mtu ilivyo mbali na swali, ndivyo uwezekano wa kushinda unavyopanda.

Sasa upande wa pili. Netflix ilitoa dola milioni 1 mwaka 2009 kwa timu iliyoboresha makisio yake ya jinsi mteja atakavyoipenda filamu kwa asilimia 10.06, halafu haikuuweka mfumo mzima wa washindi kazini, kwa kuwa gharama ya kuujenga haikulingana na faida iliyobaki. Zawadi ilipima usahihi tu. Haikupima urahisi wa kuutumia. Kabla ya kutangaza, andika sharti la matumizi ndani ya kipimo.

Hesabu pia kazi ya kusoma. Majibu 300 kwa dakika 20 kila moja ni saa 100 za mtu anayeelewa, na mtu huyo ndiye mwenye shughuli nyingi kuliko wote.

## Siri na mikataba

9. Tutaelezaje shida bila kumwaga siri?

Mchumi Kenneth Arrow aliiona tanzi hii mwaka 1962: mnunuzi hajui thamani ya taarifa mpaka aione, na akishaiona ameshaipata bure. Dawa ya kila siku ni kufungua kwa hatua tatu. Hatua ya kwanza haina siri: dalili, kipimo, mipaka ya gharama. Ya pili, kwa waliofaulu ya kwanza, inafuata mkataba wa usiri: takwimu za mchakato, sampuli. Ya tatu, mapishi yenyewe au msimbo wa programu, huja baada ya mkataba wa kazi.

Mkataba wa usiri wa kurasa 2 unaotaja kitu gani ni siri, kwa muda gani (miaka 2 hadi 5 ni kawaida) na nini si siri, unatosha. Ule wa kurasa 14 unaosema kila kitu ni siri milele humfukuza mtu mzuri na haumzuii mbaya. Kama unafikiria hataza, peleka maombi kabla ya kuonyesha hadharani. Kwa sheria ya Ulaya, kilichotangazwa kabla ya siku ya maombi si kipya tena. Baada ya maombi ya kwanza una miezi 12 ya kuomba nchi nyingine huku ukihesabiwa tarehe ileile.

10. Matokeo yatakuwa ya nani?

Yatakuwa ya aliyeandikwa. Gawanya mali katika mafungu mawili: kile kila upande alikuja nacho, na kile kitakachozaliwa humo. La kwanza libaki kwa mwenyewe, pamoja na ruhusa ya kulitumia pale ambapo bila hilo la pili halifanyi kazi. Ugomvi mwingi hutoka kwenye ruhusa hiyo iliyosahaulika.

Huhitaji kumiliki kila kitu. Mara nyingi leseni ya pekee kwa sekta yako na eneo lako, tuseme vinywaji katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa miaka 5, inakutosha na bei yake ni nafuu. Usitegemee dhana kwamba "nimelipa, basi ni yangu": kuhusu kazi za kuagiza sheria za hakimiliki hutofautiana nchi hadi nchi. Andika neno "anahamisha haki" na sahihi.

11. Tunafanyaje kazi na chuo kikuu bila kungoja miaka?

Jua kwanza kwamba mhadhiri ana kalenda yake na anahitaji kuchapisha. Mpe: awe huru kuchapisha, nanyi mpate siku 60 au 90 za kusoma rasimu ili kuondoa siri au kuwasilisha maombi ya hataza. Mkataba usaini na chuo, si na mhadhiri peke yake, hata kama yeye ndiye rafiki. Mwanafunzi wa uzamili anayefanya jaribio si mwajiriwa wa yeyote kati yenu; saini naye pia.

Vipande vya miezi 3 vyenye malipo kwa kila kipande huenda vizuri kuliko mradi wa miaka 2.

## Mambo yanayokwama

12. Tulipata wazo zuri kutoka nje, likafia ndani. Kwa nini?

Ndiko mengi yanakofia. Wesley Cohen na Daniel Levinthal walieleza mwaka 1990 kwamba uwezo wa kampuni kunyonya ujuzi wa nje hutegemea inachokijua tayari kuhusu jambo hilo. Kiwanda kisicho na mtu wa kemia hakiwezi kutofautisha mkemia hodari na msemaji hodari. Kwa hiyo anayefuta maabara yake ili "anunue nje" huwa ameuza macho ya kununulia.

Sababu ya pili ni heshima za watu. Ralph Katz na Thomas Allen walichunguza vikundi 50 vya utafiti katika kampuni moja (1982): kikundi kikikaa pamoja zaidi ya miaka 5 hivi, kazi yake hushuka na mazungumzo yake na watu wa nje hupungua. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mwenyeji huyu anasikia kwamba mgeni ameletwa kumwonyesha alivyoshindwa. Mpe mtu wa ndani nafasi ya kuchagua kati ya majibu matatu ya nje, jina lake liwe kwenye bidhaa, na asitolewe bajeti yake kulipia.

13. Majaribio yetu hayaishi. Tufanye nini?

Kabla ya siku ya kwanza jaza karatasi moja: namba itakayohesabiwa kuwa kufaulu, tarehe ya kuamua, jina la atakayesaini ununuzi, na fungu la bajeti litakalolipa. Kama safu mbili za mwisho ni tupu, msianze.

14. Kampuni changa tuliyoshirikiana nayo imekata tamaa. Tumekosea wapi?

Tazama ankara. Masharti ya kulipa baada ya siku 90 ni ya kawaida kwa muuza karatasi mkubwa. Kwa timu ya watu 4 yenye akiba ya miezi 3 ni kifo. Lipa jaribio, lipa ndani ya siku 15, na wapunguzie fomu za zabuni zinazodai hesabu zilizokaguliwa za miaka 3. Wasiofaa wape jibu ndani ya wiki 2 kwa sentensi moja ya sababu; sifa ya kukaa kimya husambaa haraka.

## Hali za pekee

15. Mtu ametutumia wazo bila kuombwa. Tulisome?

Lisisomwe na timu ya bidhaa. Kama tayari mnafanya kitu kama hicho, mtashindwa kuthibitisha hamkumwibia. Weka anwani moja ya kupokelea, fomu inayosema kampuni haifungwi na usiri na inaweza kuwa na kazi kama hiyo tayari, na mtu asiye mbunifu wa kuchambua. LEGO, kampuni ya vitu vya kuchezea, imeweka utaratibu kamili wa jambo hili: wazo la shabiki huhitaji kura 10,000 ndipo lipitiwe, na likitengenezwa mwenyewe hupata asilimia 1 ya mauzo halisi.

16. Wateja wamefungua mfumo wetu na kuubadilisha. Tuwashtaki?

Soma kwanza walichofanya. Ilipotokea kwa roboti za Mindstorms zilizotoka mwaka 1998, LEGO iliamua kuwaruhusu, na baadaye ikawaita baadhi ya watumiaji hao kusaidia kubuni toleo la 2006. Safaricom nayo ilifungua Daraja mwaka 2017, milango ya kuunganisha programu za watu wa nje na M-Pesa. Zuia tu pale penye usalama wa mtu, fedha au taarifa za wateja.

17. Ujuzi tunaoutaka ni wa wazee wa kijiji: mmea, dawa, mapishi. Ni wa bure?

Hapana. Taasisi ya utafiti ya CSIR ya Afrika Kusini ilichukua hataza ya hoodia, mmea ambao Wasan, wenyeji wa kale wa kusini mwa Afrika, wameutafuna kwa vizazi ili kuzima njaa, na kuitoa kwa leseni hadi ikafika Pfizer. Wasan hawakuhusishwa mpaka malalamiko yalipotokea; makubaliano ya mwaka 2003 yaliwapa asilimia 8 ya malipo ya hatua na asilimia 6 ya mrabaha (malipo yatokanayo na mauzo) wa CSIR. Pfizer na baadaye Unilever ziliacha mradi, fedha zikawa kidogo.

Mpangilio sahihi ni ridhaa kwanza, iliyotolewa na wanaotambuliwa na jamii yenyewe, kisha kibali cha serikali, kisha sampuli. Itifaki ya Nagoya (2010) na ile ya ARIPO ya Swakopmund (2010), mikataba ya nchi kuhusu rasilimali za viumbe na ujuzi wa jadi, ndizo za kuanzia. Lipa kitu mapema, kwa kuwa mrabaha wa bidhaa isiyofika sokoni ni sufuri.

18. Programu huria nazo ni ujuzi wa nje?

Ndiyo: ni programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, na huenda ndio ujuzi mnaoutumia zaidi. Leseni za MIT na Apache 2.0 hukutaka hasa uache majina na matangazo ya leseni mahali pake. Leseni ya GPL hukutaka utoe msimbo wako kwa masharti yaleyale pale unapoisambaza programu iliyojengwa juu yake. Weka orodha ya kila kijenzi na leseni yake tangu siku ya kwanza. Kuitengeneza wiki ambayo mnunuzi wa kampuni anakagua ni adhabu.

19. Sisi ndio tuna ujuzi tusioutumia. Unaweza kutoka?

Unaweza, kwa leseni, kwa kuuza au kwa kuanzisha kampuni tanzu. Waanzilishi wa Adobe (1982) walitoka kwenye maabara ya Xerox huko Palo Alto baada ya kazi yao ya lugha ya uchapishaji kukosa nafasi ndani. Kila mwaka kaa na mhasibu na orodha ya hataza: ile unayoilipia ada na haina bidhaa wala mpango, itangaze kwa leseni kwa miezi 12, kisha acha kuilipia.